Mashimo Nyuma ya Kichuguu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma, leo hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mji wao kando ya mto. Mji mzuri, lakini masika yakiingia, mto nao unaingia. Unapita mlangoni, unapita kitandani, unaondoka na masufuria.

Chini kabisa, ukingoni, alikaa Bi Nungunungu na wanawe. Mama huyu alikuwa na shaka na kila kitu. Ukimsalimia, anakukagua kwanza. Akishtuka, miiba inalia: chaka-chaka-chaka!

Siku moja Korongo, mkuu wa mipango ya mji, akaitisha kikao mbele ya kichuguu cha ukingoni. Akasimama kwa mguu mmoja, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu, tutapanda miti na matete ukingoni, maji yapungue kasi. Nimekuja kusikia maoni yenu."

Wanyama wakafurahi. Na desturi ya mji ule ilikuwa hivi: kikao kikipiga makofi, neno limepita. Mikono ikainuka.

Bi Nungunungu akakumbuka jambo. Zamani walipiga makofi hivi hivi kupitisha soko, wameshiba mihogo ya bure. Kulipokucha, jirani yake Fuko, anayeishi chini ya ardhi, akaamka na soko juu ya kichwa chake.

"Ngojeni," akasema. "Mbona mheshimiwa ana udongo mbichi miguuni?"

"Nilikuwa natembea tu, Bi Nungunungu."

Hakuridhika. Akazunguka nyuma ya kichuguu. Nusa, nusa, nusa. Akakuta nini? Mashimo! Yamechimbwa tayari, safu ndefu, na shimo la mwisho liko mlangoni pake. Wanawe wanachungulia ndani. Mama wa watu akataka kulia kwa hasira.

Akarudi mbio. Chaka-chaka-chaka!

"Unatuuliza kama tunataka miti, na mashimo umeshachimba? Mimi na wanangu tulale wapi?"

"Hayo ni ya majaribio."

"Basi yafukie, ndipo tuongee."

"Mama, masika yako njiani. Hatuna muda wa maneno."

Makofi hayakupigwa. Wanyama wakaondoka mmoja mmoja. Korongo akapanda miti yake peke yake, isipokuwa mlangoni kwa Bi Nungunungu. Pale miiba ilisimama wima, akaona bora aende zake.

Nani aliimwagilia miti ile? Hakuna. Swala wakapita wakala majani, wakasema, "Kwani ni yetu?"

Masika yakaja. Gharika! Miti ikasombwa, masufuria yakasombwa, na kiota cha Korongo kikaenda na maji.

Mto ulipopungua, Korongo akarudi. Amelowa, hana pa kulala.

"Nimekosa," akasema. "Niambieni nyie, tuanzie wapi?"

Wote wakamgeukia Bi Nungunungu. Yeye akaitazama miguu ya Korongo. Akazunguka nyuma ya kichuguu. Nusa, nusa, nusa. Hakuna shimo jipya. Akazunguka tena, ahakikishe. Ndipo akaja akakaa.

"Maji huanza kuingilia mlangoni kwangu. Matete yaanzie pale pale."

Korongo akashangaa. "Si ndipo nilipochimba? Mbona ulikataa?"

"Uliniuliza lini? Sasa umeniuliza. Nitahamia kilimani kwa miguu yangu, jirani yangu Fuko atanichimbia makao, na tete la kwanza nitalipanda mimi."

Pa! Pa! Pa! Makofi yakalia mji mzima. Kila mnyama akapanda, akamwagilia. Swala wale wale wakawa walinzi. Masika yaliyofuata, maji yalifika kwenye matete yakatulia, yakapita polepole kwenda zake.

Basi, wakubwa kwa wadogo: anayetaka kuutengeneza mji awaulize wanaokaa ndani yake kabla hajashika jembe.

Na Bi Nungunungu? Mpaka leo, kikao kikiitishwa, huzunguka kwanza nyuma ya kichuguu. Hadithi yangu imeishia hapo hapo, kwenye kichuguu. Nyie wa nyuma, kaleni sasa.