Nyama Isiyo na Shingo

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana nyingine bado haijafika, huko mlimani kwenye migomba palikuwa na ng'ombe dume aliyeitwa Shemeji. Aliitwa hivyo kwa sababu hakukosa kutokea mlangoni chakula kikiiva.

Shemeji alikuwa ng'ombe wa mwisho mlimani. Malisho yalishajengwa nyumba, na nyumba zikazungushiwa kuta. Watu walikula nyama ya dukani, ile inayolala kwenye barafu na haijui ilizaliwa wapi. Hata mimi nimeila, kwenye miji ambayo ukiuliza huyu ni mnyama gani, wenyeji wanakuuliza safari ilikuwaje.

Mwenye ng'ombe alikuwa Mzee Elinami, mshika kisu wa ukoo. Si kisu cha kuchinjia, cha kugawia. Katika ukoo ule kila kipande kilikuwa na mwenyewe: kidari cha mzee, shingo ya mpwa, mbavu za wake walioolewa pale. Mshika kisu akikukatia, wewe ni ndugu. Akikuruka, kafunge mizigo.

Mzee akaugua, akaanza kuaga. Akasema, "Nataka kula nyama ya Shemeji kabla sijafa. Na sitaki Shemeji achinjwe. Ndiye ndama wa mwisho aliyepokelewa na mikono ya marehemu mke wangu."

Watu wakatazamana. "Homa imepanda."

"Haijapanda," akasema mzee. "Atakayenilisha nyama hiyo, kisu ni chake."

Sasa, Shemeji alilishwa na Aikaruwa, mkwe wa mzee, mjane wa mwanawe. Aliteremka tambarare kukata majani, akayapandisha mlima kichwani. Ukame ulipokuja kilima kizima kiliuza ng'ombe. Aikaruwa hakuuza. Alimkatia migomba, akamgawia maji yake mwenyewe ya kunywa.

Halafu kulikuwa na Kiwelu, mpwa wa mzee, mchinjaji. Wajomba zake walimfunga Shemeji kamba, wakasema, "Mzee anaweweseka. Chinja, tumuage kwa heshima." Kiwelu akainua kisu chake, akakata kamba. Tangu siku hiyo wajomba hawakukanyaga buchani kwake, wala wake zao, wala wakwe zao. Bucha likafungwa.

Halafu kulikuwa na Mkunde, binti wa Aikaruwa, aliyesomea nchi za baridi namna ya kukuza nyama. Aliacha kazi yake nzuri huko, akarudi. Akamnyofoa Shemeji kipande begani, kidogo kama punje ya haragwe. Shemeji akashtuka, akaendelea kucheua. Mkunde akakipeleka maabara mjini, akakiweka tangini, akakipa joto kama la tumbo, akakilisha maji ya sukari na chumvi. Seli ikazaa seli, zikazaa seli, mpaka akapanda mlima na pande la nyama la kushiba mtu.

Likapikwa. Mzee akatafuna. Nyumba nzima ikatafuna naye, midomo mitupu. Machozi yakamtoka.

"Nasikia moshi wa jiko la mama yangu," akasema. "Nawasikia shangazi zangu wakipokezana wimbo, mizigo ya majani kichwani. Nawasikia baba zangu wakigombania figo. Jamani, walivyokuwa wanagombana vizuri!"

Mlangoni Shemeji aliingiza kichwa, akatazama anavyoliwa.

"Gawa basi, mjomba," akasema Kiwelu, mate yakimjaa.

Mzee akaligeuza pande lile. Halina mfupa, halina ubavu. "Shingo iko wapi?"

"Haina shingo, babu," akasema Mkunde.

"Na mpwa atapewa nini?"

Mkunde akaligeuza naye, asione pa kuanzia kukata.

"Basi nitakayempa kisu," akasema mzee, "ndiye atakayeamua upya nani ni ndugu, na kwa kipande gani."

Aikaruwa akasimama. "Baba, kisu ni changu. Nyama hiyo ni majani yangu. Mkunde amekuza alichokikuta."

"Mama, majani yako yalitengeneza ng'ombe, na ng'ombe huyo hapo, hajapungua. Babu aliomba nyama. Nyama nimeikuza mimi."

"Endeleeni tu," akasema Kiwelu. "Bila mimi mngeshamla mkamsahau. Mkunde angekuta ngozi."

"Lakini anko, wewe ulifanya nini zaidi ya kutofanya kazi yako?"

"Jaribu wewe kutofanya kazi yako mbele ya wajomba wenye njaa!"

Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, hakuwa na pumzi ya maneno. Akainua kisu, akatanguliza mpini. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Mimi ningekula kwanza ndipo nifikiri, na ndiyo maana popote nilikopita sijawahi kukabidhiwa kisu. Lakini ninyi mna akili zenu, na nyama inapoa. Yupo aliyemlisha, yupo aliyekataa kumchinja, yupo aliyemkuza upya. Semeni upesi: je, nani alistahili kuugawia ukoo nyama isiyo na shingo?