Pilau Lililokwama Nyuma ya Ukuta

"Mziba kichochoro hula pilau baridi." Vijana walikuwa wameusikia msemo huo kwenye mkutano wa mtaa, watu walipoanza kugombania mipaka. Wakamwendea Bi Tunu, mkongwe wa mtaa, aliyekuwa akichambua mchele, wakamwuliza msemo huo umetoka wapi. Methali hii, akawaambia, ilianzia papa hapa Mikoroshini.

Mashamba ya mikorosho yalipoanza kukatwa viwanja, mtu alitoka mlangoni kwake akapita popote. Mji ukatanuka, kila mmoja akajenga ukuta. Bi Sijaona naye alitaka ua mpana kwa harusi ya binti yake, Mwanahawa, akakiziba kichochoro kilichomtenga na jirani yake, Bi Somoe. Juu ya ukuta akapanga vigae vya chupa. Alijiambia watu watapita kichochoro cha Mzee Kondo, jirani wa upande wa pili. Hakujua kwamba Mzee Kondo naye kaziba chake, akijiambia watu watapita kwa Bi Sijaona.

Siku ya harusi pilau lilipikwa uani kwa jirani, Bi Somoe, kama ilivyo desturi, ili nyumba ya bibi harusi ibaki kwa wageni. Wakwe wakaketi mkekani, wakanawa mikono. Harufu ikavuka ukuta, masinia hayakuvuka. Gari lililobeba masinia ya kwanza lilizunguka hadi barabara ya lami, likaingia njia hii likakuta ukuta, likaingia ile likakuta ukuta. Sinia la kwanza lilipofika, mafuta yalikuwa yameganda. Mkwe mkubwa akaonja, akauliza kwa upole kama jikoni ni wilaya nyingine.

Bi Sijaona aliinamisha uso. Angempelekaje mwanawe kwa watu aliowalisha baridi? Akausogelea ukuta.

"Somoe, limebaki jingi?"

"Karibu lote, shoga. Na bado la moto."

"Basi wasogeze watu, wakae mbali na ukuta."

Bi Somoe akacheka. "Hata chokaa haijakauka, Sijaona."

"Ndiyo maana utaanguka upesi."

Vijana wa bwana harusi wakavua kanzu, wakashika nyundo. Masinia yakapita kwenye tundu yakifuka mvuke, na Bi Somoe nyuma yake akipiga vigelegele. Mzee Kondo alikula akashiba, akaenda kwake kubomoa. Tundu lile halikuzibwa tena. Ndiyo njia mnayopita kwenda sokoni.

Wageni walipokwisha kula, Bi Sijaona alilivuta lile sinia la kwanza, lililoganda. Bi Somoe akamsihi achukue la moto.

"Niache, shoga," alisema akitabasamu, akimega tonge. "Mziba kichochoro hula pilau baridi."