Sange Afungua Njia ya Mahujaji

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga milango kwa komeo, kulikuwa na chemchemi moja mbali sana, penye mawe meupe. Kila mwaka, mvua zikishaisha, wanyama walifunga safari kwenda kushukuru pale. Sharti lilikuwa moja: uende kwa miguu yako mwenyewe. Ukibebwa, hija yako si hija.

Bi Kobe alikuwa na nadhiri. Moto wa nyika ulipolipitia shimo lenye mayai yake, aliahidi, "Yakianguliwa salama, nitakwenda kushukuru." Na yakaanguliwa yote kumi na moja!

Lakini njia ilikuwa barabara pana ya Nyati. Na Nyati hawatembei, jamani. Wanakimbia! Gudugudu! Gudugudu! Mwaka uliopita walimkumba Bi Kobe katikati ya safari, gamba likapasuka, ka! Akarudi nyumbani akiburura mguu.

"Mwaka huu nakwenda tena," alimwambia jirani yake, Sange. "Wakinikanyaga, basi. Nadhiri haivunjwi."

Sange mnamjua? Ni mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Kila asubuhi hufagia vijia vyake kwa miguu ya mbele, fyagu! fyagu! hata jani moja lisibaki. Maneno ya Bi Kobe yalimchoma moyo.

"Usiondoke kwanza, Bi Kobe," akasema. "Nipe siku chache."

Kando ya barabara palikuwa na kichaka kikubwa cha miiba, kilichokwenda mpaka chemchemini. Sange akaingia. Akanusa huku, akachungulia kule. Hapa pana siafu, akapinda kulia. Pale pana kivuli kizuri, akapita hapo. Njia akaipata! Lakini ilikuwa njia ya Sange. Bi Kobe na gamba lake angepitaje? Na mahujaji wengine, kama Kanga na vifaranga wake?

Akaenda kwa Mzee Kifaru, aliyeishi ukingoni mwa kichaka.

"Hodi! Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba. Nani huyo? Mbona sikuoni?"

"Sange, Mzee. Angalia chini. Chini zaidi. Mzee, unanikanyaga mkia!"

"Ah, pole. Wataka nini?"

"Tuvunjie miiba, mahujaji wapite salama."

Kifaru akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Ho! Ho! Mimi, na pembe hii, niwafyekee makobe njia? Asiyejua kukimbia akae kwake! Nipishe, nakwenda chooni."

"Chooni ni wapi, Mzee?"

"Palepale alipokwenda baba yangu. Sisi ukoo wa Kifaru si watu wa ovyo, tunajisaidia mahali pamoja. Macho yangu hayaoni mbali, lakini pua hainidanganyi. Panaponuka choo chetu, ndipo ninapokwenda."

"Hata penye miiba?"

"Miiba! Miiba ni nini kwangu?"

Pua ya Sange ikaacha kucheza. Kisha ikaanza tena, mbio mbio.

Adhuhuri, Kifaru alipolala matopeni, Sange aliwaita mbawakawa, wale weusi wanaoviringisha mavi.

"Jamaa zangu, kuna kazi. Tunahamisha choo."

"Choo cha nani?"

"Cha Mzee Kifaru."

"Chote?"

"Chote."

Mbawakawa wakapiga makofi kwa miguu sita. "Dada Sange, hiyo si kazi, hiyo ni harusi!"

Biringi! Biringi! Wakakiviringisha mpaka ndani ya kichaka, pale hasa alipowaonyesha Sange.

Asubuhi Kifaru akatoka, akanusa. Fuu! Fuu! "Mh! Leo choo kiko mbali kidogo." Akajitosa miibani. Kraka! Kraka! Miiba ikalala chini. Na nyuma yake Sange, fyagu! fyagu! akiondoa kila mwiba.

Kesho yake choo kikasogea mbele. Keshokutwa, mbele zaidi. Siku ya tisa mke wa Kifaru akashika kiuno.

"Mume wangu, ukienda chooni siku hizi unarudi jioni! Una nini tumboni?"

"Tumbo langu halina neno, mke wangu. Dunia ndiyo imerefuka!"

Siku hiyo hiyo Sange akambishia Bi Kobe mlango. "Haya, njia inakaribia kwisha. Anza safari!" Bi Kobe akaanza mwendo wake, pole pole, na Kanga, vifaranga na Nungunungu wakamfuata.

Siku choo kilipokaribia chemchemi, mbawakawa walitaka kuendelea kukiviringisha. Sange akawazuia. "Hapana! Pa kushukuru hapachafuliwi. Fukieni yote hapa hapa."

Kifaru akaja, akanusa. Fuu! Hakuna kitu! Akazunguka, akakasirika, koo likamkauka. Mara akasikia harufu ya maji. Kraka! Akavunja kichaka cha mwisho, akatokeza kwenye mawe meupe, akainama kunywa.

Nyuma yake zikasikika nyimbo.

"Nani hao?" akauliza.

"Mahujaji, Mzee," Sange akajibu.

"Wamepita wapi?"

"Njia uliyoifungua wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa nakwenda tu choo..." Akageuka pole pole. "Sange! Choo changu kimefikaje huku?"

"Kimetembea, Mzee. Nacho kilitaka kuhiji!"

Kwe! kwe! kwe! Kanga akacheka mpaka akakaa chini. Kifaru akainua pembe, Sange akaruka nyuma ya jiwe. Lakini Bi Kobe alikuwa amefika majini. Akatia mguu mmoja, kisha wa pili, akafumba macho, akataja watoto wake mmoja mmoja, wote kumi na mmoja. Mbali kule barabarani Nyati wakapita, gudugudu, gudugudu, wala hakuna aliyeshtuka.

Kifaru akashusha pembe. Akakohoa kidogo.

"Watu wakiuliza," akasema, "semeni nilifanya kwa hiari yangu."

"Tutasema, Mzee," Sange akajibu kutoka nyuma ya jiwe, na kicheko kikaanza upya.

Ndivyo ilivyo, wanangu: mwenye nguvu huvunja miiba, lakini mwenye akili ndiye anayejua ivunjwe wapi.