Nasaba ya Jumbe Mngwame

Jumbe Mngwame bin Shomari alikipata kiti chake kwa bunduki, kisha akataka na ukoo. Alimwita Fakihi Athumani bin Kombo, mwandishi wa nasaba.

"Niunganishe na wafalme wa kale. Halafu uhame. Nyumba yako naibomoa nipanue ua wangu."

"Vyema, Jumbe. Ila ukaiapie nasaba hiyo msikitini, watu wasitie shaka."

Ijumaa Jumbe, asiyejua kusoma, aliapa mbele ya mji mzima kwamba kila jina lililoandikwa ni la kweli.

"Alhamdulillahi," alisema Fakihi. "Kumbe, kwa nasaba uliyoiapia, marehemu baba yako ni mdogo wangu. Njoo umwamkie baba yako mkubwa, mwanangu, kisha unieleze habari ya nyumba."

Jumbe aliinama, akambusu mkono. Ua ulipanuliwa upande wa pili.