Nchi Aliyolala Chande

Haya, sogezeni mikeka, hadithi inapita.

Walikuwapo watu waliokimbia vita, wakahamia nchi isiyo na jina. Hawakuzika mfu hata mmoja huko. Mifupa ya marehemu wao waliiweka vikapuni, wakisema, "Tutarudi nayo kwetu."

Ukaja ukame. Ikabaki chemchemi moja, na zimwi likaikalia. "Nitajieni jina la nchi hii, ndipo mnywe."

Akaenda mfalme, akataja jina lake mwenyewe. Zimwi likacheka. "Wewe mpita njia tu, bwana. Rudi."

Wakaenda wazee, wakataja nchi waliyoikimbia. "Hiyo ina wenyewe. Rudini."

Mara ya tatu akaenda Sikudhani, mwanawe Chande mgongoni, midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu. "Babu zimwi, mpe huyu tone moja. Mimi niache."

"Jina kwanza, mama. Hata mimi sharti hilo limenifunga."

Sikudhani akataja kila jina alilolijua, mpaka sauti ikamkauka. Akamshusha mwanawe. Chande alikwisha kufa.

Hakumtafutia kikapu. Alichimba kwa kucha, akamzika pale pale.

"Hapa ni kwa Chande," akasema. "Mimi siondoki tena."

Zimwi likainamisha kichwa, likapisha. "Sasa mna nchi."

Maji yakabubujika. Sikudhani akateka, akalimwagia kaburi kwanza.

Tangu hapo nchi ikaitwa Chande. Mkifika huko mtawasikia wenyeji wakilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, kama watu waliokaa karibu na mtoto aliyelala.

Yangu yameishia hapo. Mwenye kiu na anywe.