Mguu wa Mzee Shekiondo na Picha Iliyong'aa

Nimeipata kwa jirani, nikaona nisikae nayo peke yangu.

Daktari Nakijwa alikuwa hoi. Wodi imejaa, chai imepoa, na Mzee Shekiondo, mkulima aliyejikata mguu kwa jembe kidonda kikaanza kuoza, bado yupo kitandani. Kilichokufa kikatwe kabla uozo haujapanda ukamuua. Kilicho hai aachiwe, maana shamba lake liko mlimani.

Uamuzi ulitegemea mashine ya leza. Mwanga wake hutawanya chembechembe za nuru juu ya ngozi. Damu ikitembea, chembe huvurugika na picha hutoka laini. Damu ikisimama, chembe huonekana wazi kama mchanga.

Tatizo, picha zilikuwa za giza na wakubwa hawaishi kunung'unika. Jumatatu moja Nakijwa, kwa kuchoka kusemwa, akaufungua mdomo wa lenzi wote. Lo! Picha ikang'aa, laini kama uji wa mgonjwa. Tangu Jumatatu hiyo, kila asubuhi ni lile lile: "Mguu mzima, mzee."

"Mwanangu, mbona vidole sivisikii?"

"Picha haisemi hivyo."

Alhamisi mzee uvumilivu ukamwisha. "Hebu pima na ukuta huo! Utaambiwa nao mzima."

Nakijwa hakuwa na nguvu za kubishana. Akaupima. Picha ikatoka laini vile vile. Ukuta una damu!

Hapo ndipo akaelewa. Lenzi ikifunguliwa mno, chembe huwa ndogo mno. Nyingi huangukia nukta moja ya picha, zikachanganyika, zikapotea. Ule ulaini haukuwa damu, ulikuwa kosa lake. Akaubana mdomo wa lenzi. Giza likarudi, na ukutani chembe zikajaa tele. Akapima mguu upya. Kisigino kizima. Vidole vyote vimekufa.

"Tutakata vidole, mzee. Mguu utabaki."

"Na ungeliona hili Jumatatu?"

Nakijwa alitamani kudanganya. Mtu aliyechoka hupenda njia ya mkato.

"Kidole gumba ungebaki nacho. Nisamehe, mzee wangu."

Mzee akausogeza mguu mbele.

"Haya, kata. Kata kabla kisigino nacho hakijafuata."

Funzo: Usiliamini jibu kwa kuwa linapendeza macho. Kabla ya kukitumia kipimo kwa mtu, kijaribu kwanza kwa kitu ambacho jibu lake unalijua.