Bibi Raihana na Madrasa ya Rahaba

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemeni, chini ya milima mirefu, aliishi mjane mchamungu akiitwa Bibi Raihana binti Adi. Mumewe alimwachia shamba kubwa la mizabibu, naye hakujaaliwa mtoto.

Mwaka mmoja, akirejea kutoka Hija, msafara wake ulipitia Rahaba, kijiji kilichojibanza juu kabisa ya mlima, mahali ambapo ukungu hulala hadi adhuhuri. Aliwakuta wanakijiji wamesimama makaburini na maiti ya mama aliyefariki kwa uzazi. Walikuwa wakibishana. Hapakuwa na hata mmoja wao aliyejua vizuri Sala ya jeneza inavyosaliwa. Kando yao alikaa mzee mwenye donda mguuni, amelifunga kwa majani makavu, na inzi wamemjaa. Mtu mmoja wa msafara akamsalia marehemu, nao wakaendelea na safari. Lakini Bibi Raihana aliteremka mlima ule hali moyo wake umebaki juu.

Alipofika nyumbani aliliweka wakfu shamba lake lote kwa ajili ya watu wa Rahaba. Akawajengea madrasa ya mawe. Akawapelekea mwalimu kijana, Handhala, na tabibu mtu mzima aitwaye Ghiyathi, aliyepewa chumba kidogo ubavuni mwa madrasa. Naye akaweka sharti mbele ya kadhi: jengo la madrasa lisitumike ila kwa kusomesha, na shayiri ya madrasa, inayonunuliwa kwa mavuno ya shamba, isiliwe ila na mwalimu na wanafunzi wake. Msimlaumu kwa ukali huo. Kabla ya hapo aliwahi kuchimba kisima cha sadaka, na tajiri mmoja akakigeuza cha kunyweshea farasi wake, maskini wakafukuzwa. Mwenye kuumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.

Basi mwaka wa kwanza habari zikawa njema. Mwaka wa pili zikaanza kugongana.

Mfanyabiashara mmoja wa asali alirudi akasema, "Bibi, madrasa yako imefungwa. Nimeiona kutoka ng'ambo ya bonde. Mlango umekomewa, na moshi unatoka ndani kama jikoni."

Baada ya siku chache akaja mwingine, akaapa kwamba amesikia watoto wa Rahaba wakisoma kwa sauti nzuri, herufi zikitoka mahali pake. "Uliwaona?" Bibi akauliza. "Sikuwaona. Sauti zilitoka mashambani, huku na huku, kama ndege."

Wa tatu akasema amemwona mwalimu Handhala kwa mbali, nguo zimechanika, akibadilisha kuni kwa shayiri. Tena akasema watu wa Rahaba hawamruhusu mgeni kuvuka kipito cha mlima. Mizigo huachwa juu ya jabali, nao huja kuichukua baadaye.

Bibi Raihana akachanganyikiwa. Mwalimu aliyelishwa na wakfu ana haja gani na kuni? Madrasa iliyofungwa inasomwa wapi? Akasali Sala ya istikhara, kumwomba Mungu amwongoze, akaamka na moyo ule ule, haukuelemea upande wowote. Akasali tena. Kimya.

Kaka yake, Bwana Musaddadi, alimwendea akamwambia, "Dada yangu, watu wa milimani wamekula sadaka yako. Zuia mavuno ya mwaka huu. Ujenge kuba kwenye msikiti wa hapa mjini, tuione kwa macho yetu, nawe uombewe dua na kila anayepita."

"Huenda unasema kweli," akajibu Bibi Raihana. "Na huenda husemi kweli. Nimesikia mambo matatu, na siwezi kuyaweka pamoja kichwani. Sitahukumu watu kwa masikio. Nitapanda mwenyewe."

Akapanda juu ya punda, na mtumishi wake mzee akimwongoza. Walipofika kwenye kipito cha mlima, walimkuta mwanamke ameketi juu ya jiwe, fimbo mkononi. Jina lake Shamma.

"Rudini, wageni wangu," akasema. "Huku hakuendeki."

"Kwa nini hakuendeki?"

Bibi Raihana alinyoosha mkono kutengeneza shela yake, na Shamma akautazama mkono ule kwa muda mrefu. "Makovu hayo ni ya nini, mama?"

"Ni ya ndui. Ilinipata nilipokuwa mdogo."

Uso wa Shamma ukabadilika. Akasimama, akakaa, kisha akasimama tena. "Basi wewe pita," akasema, na machozi yakamtoka. "Ndui haimrudii mtu. Mwenzako abaki hapa. Wallahi, mama, tumechoka. Tunazuia watu wasije wakafa nasi, wala hatusemi sababu, maana tukiitaja ndui hakuna atakayetuletea hata punje ya chumvi."

Bibi Raihana akaingia Rahaba kwa miguu, peke yake. Alipokaribia madrasa alimwona shekhe wa kijiji, Mabkhut, amesimama na Handhala na tabibu Ghiyathi. Akawatolea salamu, naye akiwa amejifunika uso.

"Nimekuja kuona hali ya wakfu," akasema. Hakuongeza neno, nao wakadhani ni mjumbe.

Shekhe Mabkhut akatangulia kusema, tena kwa haraka. "Karibu sana, bibi mheshimiwa! Umetukuta siku ya mapumziko ya watoto. Lala kwangu leo. Kesho utaiona madrasa imejaa, na utasikia kisomo kitakachokutoa machozi." Kisha akamvuta tabibu kando, lakini bonde lile lina mwangwi na sauti haifichiki. "Wagonjwa wahamishieni kwenye zizi la mbuzi, kwa siku moja tu. Akishaondoka tuwarudishe."

"Kwa baridi hii?" Ghiyathi akasema. "Wapo ambao hawatarudi."

"Na wakfu ukikatwa, wangapi hawatarudi?"

Tabibu akanyamaza. Bibi Raihana aliyasikia yote.

Hapo Handhala akasogea mbele. Kijana yule alikuwa amekonda, na viganja vyake vimechubuka kwa shoka.

"Hapana, shekhe," akasema. Kisha akamgeukia mgeni. "Bibi, mfikishie aliyekutuma salamu zangu, umwambie hivi. Madrasa yake si madrasa tena. Imejaa wagonjwa wa ndui, kwa kuwa chumba cha tabibu hakiwatoshi. Mimi sikuwahi kuugua ndui, kwa hiyo siingii. Nasomesha nje, mashambani, watoto wachache kwenye kila tuta ili wasichanganyike, nami natoka tuta hadi tuta. Shayiri ya wanafunzi wanakula wagonjwa. Ilipopungua, nikakata kuni. Sharti lake nimelivunja, jengo na chakula pia. Hakuniamuru mtu."

"Kwa nini hukumpelekea habari?" akauliza Bibi Raihana. "Wafanyabiashara hawakosi kupita."

Handhala akainamisha kichwa.

"Ningeweza kumwita mmoja nikampa maneno kutoka mbali. Sikuthubutu. Nilijiambia, mwenye wakfu akisema hapana, nitafanya nini? Niwatoe wagonjwa nje kwa amri yake? Au niwaache ndani nami nimekwisha kukatazwa? Nikaona ni heri nisiulize. Kila alfajiri najiuliza kama nimehini amana au nimehifadhi roho za watu, na kila alfajiri sijui. Lakini kujificha nimejificha. Hilo nalijua."

Shekhe Mabkhut akajipiga paja. "Umetumaliza, mwalimu!"

Bibi Raihana akausukuma mlango wa madrasa, akaingia.

Wasimulizi wanasema kilichomuumiza kwanza hakikuwa wagonjwa. Kilikuwa marufaa, vile vibao vya kuwekea misahafu alivyovichongesha mjini kwa fundi hodari. Viliwekwa jikoni, vimevunjwavunjwa, na vingine vinawaka chini ya chungu cha uji. Hasira ikampanda. Akataka kurudi nje, aifunue shela yake na kusema, "Mimi ndiye Raihana!"

Mama mmoja aliyelala karibu na mlango, uso umevimba hata macho hayafunguki, alisikia nyayo akadhani ni tabibu. "Maji," akasema. "Tafadhali."

Bibi Raihana akatafuta kata, akachota, akamnywesha. Wa pili naye akaomba. Akachota tena. Mkono ukatangulia kabla ya moyo kuamua, na moyo, kwa kweli, haukuamua siku ile wala siku iliyofuata. Alimtuma mtumishi wake arudi mjini akalete shayiri, nguo na mafuta, naye akabaki. Akawa anapika uji, anafua, anawageuza wagonjwa wasioze mgongo. Tabibu Ghiyathi hakumuuliza ni nani. Walioandikiwa kupona wakapona, na walioandikiwa kuondoka wakaondoka, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila jeneza lilisaliwa sawasawa, kwa kuwa Handhala alikuwa amewafundisha.

Ndui ilipokwisha, wakaosha jengo kwa chokaa. Siku hiyo Bibi Raihana alimwita Handhala, akamwambia yeye ni nani. Kijana yule akabadilika rangi, akaketi chini penye vumbi.

"Umenisamehe, Bibi?"

"Sijui kama kuna cha kusamehe," akasema. "Nikisema ulifanya vyema, namkumbuka yule tajiri wa kisima. Yeye pia alisema ana haja. Nikisema ulifanya vibaya, nayaona macho ya wale watu. Nimekaa hapa muda wote huu nikiomba nionyeshwe, na bado nimechanganyikiwa. Twende kwa kadhi."

Wakateremka pamoja hadi mbele ya kadhi Muhalhili, mzee aliyejulikana kwa ucha Mungu wake. Akawasikiliza wote wawili hadi mwisho. Akasema, "Sharti la mwenye wakfu ni zito. Na roho ya mwanadamu ni nzito. Wanavyuoni wangelumbana katika jambo hili mpaka jioni. Wewe, Bibi, unataka nini sasa?"

"Nataka tukubaliane upya. Wakfu utumike katika lolote ambalo watu wa Rahaba wanalihitaji zaidi."

"Mlango huo ni mpana mno," kadhi akasema. "Mwizi naye atapita."

"Basi mweke mtu mlangoni."

"Nani?"

"Handhala."

Kadhi akamtazama kwa mshangao. "Huyu aliyevunja sharti lako?"

"Huyu huyu. Walikuwapo watu watatu siku ile. Mmoja alitaka kunidanganya kwa wema, mmoja akanyamaza kwa wema. Huyu peke yake alijishtaki mwenyewe, hali wagonjwa wakimtegemea na mkate wake mwenyewe ukiwa hatarini, mbele ya mtu asiyemjua. Sijui kama alilofanya lilikuwa sawa. Ila najua kwamba likitokea kosa Rahaba, nitalisikia kutoka kinywani mwake."

Handhala akalia, akataka kukataa. Kadhi Muhalhili akamwambia, "Kubali, mwanangu. Lakini mara nyingine uulize. Hata kama unaogopa jibu."

Ndugu zangu, kisa hiki kimetufikia bila hukumu. Waliokipokea hawakutuambia kama mwalimu yule alipata dhambi au thawabu, na sisi hatuna haki ya kukipachika mkia. Zipo siku ambazo mja mwema husimama kati ya heri mbili zinazovutana, akaomba nuru, na nuru isije upesi. Siku hiyo asitafute kuonekana yuko sawa. Amnyweshe maji aliye karibu naye, na aseme kweli juu ya nafsi yake. Yaliyobaki Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.